Nimeangalia Out of Sight nikasinzia, mnasifia nini humo?

Dada mmoja kaniuliza swali refu, nalifupisha: "Kaka, kila siku unasema Out of Sight ya 1998 ni muvi iliyoonewa. Juzi nimeitafuta nikaiangalia, katikati nikasinzia, stori inaruka mbele inarudi nyuma mpaka nikapotea, halafu huyo dada askari anampendaje jambazi aliyemfungia kwenye buti la gari? Mapenzi gani ya nusu saa hayo? Hebu niambie unaona nini ambacho mimi sikioni."

Sawa dada yangu, swali lako nimelipenda, na nianze kwa kukiri kwamba mimi mwenyewe mara ya kwanza hii muvi ilinishinda. Niliiona kwenye sidii ya kuazima, na zile sehemu ambazo picha inaganda, mtu yuko katikati ya kuvua tai na ghafla kila kitu kinasimama tuli, mimi nikajua sidii imekwaruzwa. Nikaitoa, nikaifuta kwenye fulana, nikairudisha, ikaganda palepale. Nikaifuta tena kwa mate kabisa, ikaganda tena. Nikamrudishia mwenyewe nikamwambia sidii yako mbovu. Miaka imepita, nimeshaingia kwenye kazi ya kuediti, ndo naambiwa kumbe kule kuganda ni makusudi na waliolipanga ni watu wazima wenye akili zao, nikaona aibu peke yangu. Kwa hiyo wewe kusinzia tu wala usijisikie vibaya.

Kwa ambao hawajaiona, kifupi ni hivi. Jack Foley, George Clooney huyo, ni mwizi wa benki ambaye kaiba benki nyingi na hajawahi kutumia bastola, anatumia mdomo tu na lile tabasamu. Anatoroka jela ya Florida kupitia shimo walilochimba wenzake, anatokea nje kachafuka matope kavaa yunifomu ya askari jela, na hapo nje kwa bahati mbaya kuna Karen Sisco, Jennifer Lopez, ambaye ni mashali, yaani wale askari wa serikali kuu ya Marekani ambao kazi yao ni kuwasaka watoro na kuwasafirisha wafungwa. Jack na mshikaji wake Buddy, kacheza Ving Rhames, wanamtupa Karen kwenye buti la gari, Jack anaingia naye humohumo, Buddy anaendesha. Kuanzia hapo Karen anamsaka Jack, Jack naye ni kama anataka asakwe, mpaka wanafika Detroit kwenye theluji ambako kuna tajiri mmoja ameficha almasi.

Ukiisimulia hivyo inaonekana muvi ya kawaida, na nadhani ndo ilivyouzwa. Ilitoka Juni 26, 1998, kipindi cha joto Marekani ambapo watu wanaenda sinema kuangalia vimondo vikigonga dunia, na wiki hiyohiyo Eddie Murphy akatoka na Dr. Dolittle anaongea na wanyama. Ilitengenezwa kwa dola milioni 48 hivi, tiketi za Marekani zikaleta milioni 37 na ushee, dunia nzima 77 na kitu, na majumba ya sinema nayo yanakata chao humohumo, sasa hapo faida iko wapi. Wahakiki wao waliielewa, kile chama chao cha kitaifa cha Marekani kiliipa filamu bora ya mwaka, mwongozaji bora na skripti bora, na Oscar ikaingia kwenye vipengele viwili, skripti iliyotokana na kitabu na uhariri, ikatoka mikono mitupu. Halafu ikapotea. Ukimtajia mtu Clooney na Steven Soderbergh, mwongozaji wa hii muvi, anakwambia Ocean's Eleven, ukimtajia J-Lo anakwambia muziki, na hii iliyowakutanisha Clooney na Soderbergh, na ambayo kwa maoni yangu J-Lo hajawahi kucheza vizuri kuliko humo, inakaa kule chini kabisa ya orodha.

Sasa nikujibu.

Wewe umelalamika vitu viwili, kwamba inarukaruka na kwamba mapenzi ni ya haraka mno. Mimi nasema hivyo vitu viwili ni kitu kimoja, na hicho kimoja ndo utamu wenyewe wa hii muvi. Hawa watu wawili hawana muda. Mmoja ni mtoro, mwingine kalipwa mshahara amkamate, kila dakika wanayokaa pamoja ni dakika ya wizi kabisa, wanaiiba kama Jack anavyoiba benki. Sasa mwongozaji anakuonyeshaje watu wenye dakika chache? Wengi wangeweka saa ya ukutani inahesabu, tiki tiki, na muziki wa kukimbizana. Soderbergh na mhariri wake wakaamua kuuchezea muda wenyewe, wanausimamisha, wanaurudisha, wanauweka wa kesho juu ya wa leo. Zile ganda zangu za sidii mbovu ndo hizo. Mtu anaganda pale ambapo angetamani kubaki au pale ambapo maisha yake yamekata kona, na picha inamsaidia kwa sekunde moja tu, kisha inamwachia.

Huyo mhariri naomba nimtaje maana watu hawamtaji. Anne V. Coates, mama wa Kiingereza, ndiye aliyeediti Lawrence of Arabia ya 1962 akapata Oscar yake, ile ambayo jamaa anapuliza njiti ya kiberiti na ghafla tuko jangwani jua linachomoza, ile kata, yaani pale picha moja inapokatwa ikaingia nyingine, inafundishwa mpaka leo. Alipoediti Out of Sight alikuwa na miaka 72. Bibi wa miaka 72 anaediti muvi ya mahaba kuliko vijana wote wa mwaka ule, na mimi kila nikisikia mtu anasema fulani amezeeka hajui mambo ya kisasa namkumbuka huyu mama nacheka.

Turudi mwanzo kabisa, maana nina wasiwasi hapo ndo ulipopotea. Muvi inaanza Jack anatoka kwenye jengo fulani ana hasira, anang'oa tai shingoni anaitupa chini, picha inaganda. Hatuambiwi kwa nini. Anavuka barabara anaingia benki, anamfuata dada wa kaunta, anamwonyesha jamaa mmoja aliyekaa na mkoba pale akiongea na meneja, anamwambia yule ni mwenzangu ana bastola, ukifanya tofauti nampa ishara. Jamaa mwenye mkoba wala hamjui, ni mteja wa watu tu. Jack anachukua hela huku anamsifia dada wa watu kwamba unaendelea vizuri, ni mara yako ya kwanza kuibiwa eeh, anatoka, anaingia kwenye gari, gari haliwaki. Wanamkamata. Unacheka, unaendelea na mambo yako. Baada ya muda mrefu sana, kama saa nzima na zaidi, ndo muvi inarudi kutuonyesha kilichotokea ndani ya lile jengo kabla ya tai. Alikuwa ameenda kwa yule tajiri, Ripley, waliyefungwa naye jela ya Lompoc huko California, ambaye Jack alimlinda asionewe na wababe na akaahidiwa kazi akitoka. Anafika, amevaa suti yake, anapewa kazi ya ulinzi wa jengo. Ulinzi! Mtu aliyemuokoa maisha anamkalisha getini. Hapo sasa tai unaielewa, na benki unaielewa, na ukirudi mwanzo ile sini iliyokuchekesha haichekeshi tena vilevile, unaona mtu aliyejaribu kuwa raia mwema kwa asubuhi moja ikashindikana akaenda kuvunja maisha yake mtaa wa pili. Ungeipanga kwa mstari, kwanza ofisi halafu benki, ungemwonea huruma tangu mwanzo na basi, ungemaliza. Wao wanakufanya umpende kwanza kwa ujanja wake, kisha wanakuletea bili. Na angalia wanakuletea wakati gani, wakati Karen naye anaanza kujiuliza huyu mtu ni nani hasa. Kwa hiyo zile ruka ruka zinafuata moyo wa mtu, kalenda wameiacha pembeni, na ukishalijua hilo hupotei tena, nakuahidi.

Buti la gari sasa. Kila siku watu wananiuliza hapa.

Hiyo sini ilipigwa mara mbili, na stori yake kwangu mimi ni darasa. Mara ya kwanza Soderbergh aliipiga kwa kipande kimoja kirefu bila kukata, kamera imebanana nao humo ndani, taa nyekundu ya nyuma ya gari inawamulika, wanaongea mwanzo mpaka mwisho. Ufundi mkubwa, wamerudia mara chungu nzima mpaka ikakaa sawa. Wakaionyesha kwa watazamaji wa majaribio, ikafa. Muvi ilikuwa inaenda vizuri, ikifika pale inazama. Ikabidi warudi waipige upya, safari hii kwa vipande vifupi, tunakuwa nao kwenye buti kidogo, tunatoka nje kwa Buddy kwenye usukani, tunarudi, tunatoka. Na ikawa moto. Maneno yaleyale karibu, waigizaji walewale, nafasi ileile ya kubanana. Kwa nini?

Mimi nina jibu la fundi. Ukimwacha mtazamaji ndani ya buti muda wote anazoea, baada ya dakika mbili anaanza kufikiria mgongo wake. Ukimtoa nje, halafu ukamrudisha, kila akirudi anakuta kitu kimesogea. Sauti zimeshuka. Mkono wa Jack umekaa kwenye nyonga ya Karen na hakuna aliyeuongelea. Kile ambacho hukukiona kati ya kata moja na nyingine ndo unakijaza mwenyewe kichwani, na mapenzi yote duniani yanatengenezwa hivyo, na vile usivyoviona. Mimi nimeshafanya hilo kosa la kung'ang'ania kipande kirefu kwa sababu tu nimekipenda kwa jinsi kilivyopigwa, nikabishana na mwongozaji mpaka usiku, na kumbe kila mtu chumbani alikuwa anapiga miayo isipokuwa mimi.

Na wanaongea nini humo ndani? Muvi. Mtu katekwa, mtekaji kanuka matope, na wanaongea muvi. Wanaanza na Bonnie and Clyde, wanamsifia Faye Dunaway aliyecheza humo, wanafika kwenye Three Days of the Condor ambayo ndani yake jamaa anamteka dada na usiku huohuo wanakuwa wapenzi, na Karen ndo anasema kwamba siku zote ameona ile haiingii akilini, wanapendanaje haraka vile. Umesikia hiyo? Swali lako wewe dada yangu, Karen mwenyewe kaliuliza akiwa ndani ya buti. Waandishi hawakulikimbia lile tatizo, wamelichukua wakamwekea mdomoni yule anayetekwa, na kuanzia hapo muvi nzima inakuwa na deni la kulijibu. Jack naye anauliza lake, hivi tungekutana sehemu nyingine, baa kwa mfano, ingekuwaje? Hayo maswali mawili ukiyashika, muvi yote iliyobaki ni majibu yake, na sidhani kama nimeona skripti nyingine inayojifunga kamba shingoni hivyo mapema na bado ikatoka salama. Scott Frank ndo kaiandika, kutoka kwenye kitabu cha Elmore Leonard cha 1996, na huyu mzee Leonard inajulikana wazo lilimjia kutokana na picha ya gazetini ya dada mmoja mashali amesimama mbele ya mahakama huko Miami kashika shotigani. Yaani picha tu, iliyoganda. Ndo nasema hii muvi damu yake yote ni picha zilizosimama.

Kuhusu kwamba katekwa halafu anapenda. Nakuelewa kabisa, na ningekuwa upande wako kama Karen angekuwa ndo wale wadada wa kwenye muvi ambao wakishapenda akili inayeyuka. Huyu haiyeyuki. Angalia wanaume waliomzunguka kwanza. Kuna bosi wa FBI anayemwongelesha kama mwanafunzi. Kuna mpenzi wake Ray, kacheza Michael Keaton, mume wa mtu, anayekuja kwa baba mtu amevaa fulana imeandikwa FBI kifuani kwa maandishi makubwa, na baba Karen, mzee Dennis Farina, anamuuliza kwa upole kabisa kama huwa pia anavaa iliyoandikwa kwamba yuko kazini kwa siri. Nilicheka nikarudisha nyuma mara tatu. Kuna Kenneth, mhuni wa Detroit anayedhani anaweza kumlazimisha, akaonja kirungu cha kukunjua. Katika hao wote, mwizi ndo pekee anayemuuliza swali na kusubiri jibu. Sio kwamba Jack ni mtu mwema, Karen anajua si mwema, ila ndo anayemsikiliza, na dada yeyote aliyewahi kufanya kazi katikati ya wanaume kumi wanaomkatiza maneno atakwambia hiyo ni hali gani. Na kazi yake haiachi. Hilo ndo sharti la muvi toka mwanzo, hatamuachia, na yeye anajua kwamba Jack anajua.

Halafu kuna sini ya lifti ambayo ukiuliza watu kumi tisa hawaikumbuki, na kwangu mimi ndo roho ya muvi. Askari wamepata fununu Jack na Buddy wako kwenye hoteli fulani Miami. Wanaume na mabunduki yao wanapanda juu kuvunja mlango, Karen wanamwacha chini kwenye mapokezi na redio ya mkononi, akae aangalie, kazi ya kumkomoa tu. Lifti inashuka. Milango inafunguka. Jack yumo ndani, amesimama kama mpangaji yeyote. Wanaonana, mita chache tu. Hakuna anayekimbia. Jack anainua mkono anampungia, hivi, kama unavyompungia jirani, uso wake haueleweki kama anaaga au anasalimia. Redio iko mkononi mwa Karen. Haiendi mdomoni. Milango inajifunga, lifti inaendelea chini kwenye magari. Basi, ndo imeisha. Hakuna muziki wa kukulazimisha, hakuna neno. Lopez pale anacheza kitu kigumu mno, anacheza mtu anayechelewa kwa makusudi huku anajidanganya kwamba ameshtuka. Mimi kama mhariri natamani kujua walihesabu fremu ngapi kabla ya milango kufunga, maana ukipunguza kidogo tu kweli ameshtuka, ukiongeza kidogo tu amekuwa mhalifu.

Rangi nitapita haraka. Florida ni joto, njano na jasho, Detroit ni bluu kama ndani ya friji, na jela ya Lompoc nayo ina sura yake, kwa hiyo hata muvi ikiruka bila kukuandikia tuko wapi, jicho lako limeshajua. Mpiga picha anaitwa Elliot Davis. Muziki ni wa David Holmes, didjei wa Belfast, piano ya umeme inayotembea polepole kama mtu aliyeshiba. Ukiangalia na spika ya simu hiyo piano hutaisikia na utakuwa umekosa robo ya muvi.

Baa sasa, nilikuwa naivutia pumzi. Detroit, usiku, hoteli ndefu, theluji inaanguka nyuma ya kioo. Karen kakaa peke yake. Wanaume wa suti wanamjia mmoja baada ya mwingine na maneno yao ya kukariri, anawaondoa. Anakuja mwingine anaomba kumnunulia kinywaji, huyu ndo Jack. Umeona? Lile swali la kwenye buti, tungekutana baa ingekuwaje. Wanajaribu kuigiza kabisa kwamba ndo kwanza wanakutana, yeye anajiita Gary, Karen anajiita Celeste, na mchezo haufiki mbali kwa sababu wote wawili wamechoka kudanganya. Jack anamuelezea jambo ambalo sote limetukuta, unapishana na mtu njiani, mnaangaliana, kuna kitu, halafu ameshapita, na maisha yako yote utakuwa unajua ulimwacha apite.

Na wakati anaongea hayo, picha zinaanza kuingia za chumbani. Wako juu tayari, wanavua viatu, wanaangaliana, wako kimya, ila sauti tunayoisikia bado ni ya baa. Tunarudi baa, kidole kinagusa mkono, tunaenda chumbani, tunarudi. Sasa hivi na baadaye zinakaa meza moja. Soderbergh hajaficha kwamba alikuwa anaifikiria Don't Look Now ya Nicolas Roeg ya 1973, ambako mume na mke wanapendana huku tukiwaona wanavaa nguo za kutoka, ile ilikuwa ndoa ya muda mrefu na yenye msiba ndani yake. Hapa kakichukua kile kifaa akakitumia kwa watu wasio na ndoa wala kesho. Ikikaa baa peke yake, ni maneno. Ikikaa chumbani peke yake, ni ngono kama ngono zote za kwenye muvi. Zikichanganywa unapata watu wawili ambao wakiwa baa wanajua tayari kitakachotokea juu, na wakiwa juu wanakumbuka tayari kama kitu kilichopita. Wanaukumbuka usiku wakiwa bado wamo ndani yake. Mtu mwenye muda hakumbuki hivyo, anayekumbuka hivyo ni yule anayeondoka asubuhi. Na cha kushangaza, ngozi inayoonekana ni kidogo mno, watoto wa siku hizi wanaweka zaidi kwenye matangazo ya sabuni, na bado sijaona yenye joto zaidi.

Ina kasoro, sikufichi. Sehemu ya mwisho kwenye jumba la tajiri inakuwa muvi ya wizi ya kawaida, wabaya wanapanda ngazi wabaya wanashuka ngazi, na unahisi Soderbergh mwenyewe anatamani kurudi kwa Karen. Ingawa kuna lile jitu linaitwa White Boy Bob linalojikwaa kwenye ngazi likajipiga risasi lenyewe, unacheka halafu unashtuka umecheka, hiyo ni Leonard mtupu, kwake majambazi wengi ni wajinga kuliko wakatili. Kuna pia ile nyumba ambayo genge la Maurice, mhuni mwingine anayeiwinda ile almasi, kacheza Don Cheadle, linaingia kufanya mauaji, na wengi wanasema inaharibu ladha. Mimi nasema iache. Bila ile utaendelea kuamini ujambazi ni Clooney kumtabasamia dada wa kaunta. Na hakikisha unamwangalia Viola Davis kama Moselle, sini mbili tatu tu, kakaa kwenye kochi kachoka na dunia nzima, hakuna aliyemjua wakati huo na tayari anawafunika walio mbele yake.

Halafu tusisahau walikuwa na hali gani walipoitengeneza. Clooney mwaka mmoja nyuma alitoka kuwa Batman, ile ambayo mpaka leo anaiombea msamaha, watu wanasema huyu ni wa tivii arudi kwenye udaktari wake wa kwenye tamthilia ya ER. Soderbergh alishinda tuzo kubwa Cannes, lile tamasha la filamu la Ufaransa, mwaka 1989 akiwa na miaka 26 tu, kisha akatoa muvi baada ya muvi ambazo hakuna aliyeenda kuziangalia. Lopez ndo alikuwa ametoka kwenye Selena ya 1997. Watu wenye njaa, kwa kifupi. Miaka miwili baada ya hapo Soderbergh ana muvi mbili mwaka mmoja, Erin Brockovich na Traffic, na Oscar ya mwongozaji kabatini. Mimi naamini ufundi wote wa baadaye, zile ruka ruka za kupendeza ambazo Ocean's Eleven inasifiwa, ulijaribiwa hapa kwanza, na hapa ulikuwa na kazi ya kufanya, kule ukabaki urembo. Watanipiga mawe mashabiki wa Ocean's, sawa tu.

Sasa ushauri wangu. Ina dakika 123, usiianze usiku umechoka, na usiianze mwanzo pia, wewe mwanzo umeshauona. Anzia kwenye lifti. Uangalie mkono wenye redio. Ukimaliza baa, simamisha, nenda kanywe maji, halafu rudi mwanzo kabisa kwenye tai uiangalie yote kwa mpigo. Mwisho sikuambii, kwa sababu ulisinzia na sitaki kukuharibia, ila ukifika kwenye lile gari la kusafirisha wafungwa, achana na Jack. Muangalie Karen usoni, kisha umsikilize vizuri yule mfungwa mwingine aliyepakiwa humo, Samuel L. Jackson yule wala jina lake hawakuliandika, anasimulia amefungwa mara ngapi na nini kilitokea kila mara, halafu ujiulize ni nani aliyepanga hao wawili wasafiri gari moja.